Aliyeweka Alama Ndiye wa Kuiondoa

Somo kwa vikundi: mali ya wote na wajibu wa kila mmoja



Somo la toleo hili linaanzia mbali kidogo, lakini mkilisoma pamoja mtaona linagusa msitu wetu, njia zetu na miradi yetu. Linahusu kitu kidogo sana: kipande cha utepe wa plastiki. Mwindaji wa huko Marekani hukifunga kwenye tawi ili asipotee msituni, halafu huenda zake akakiacha hapo hapo. Jambo hilo limeleta manung'uniko mengi kati ya wawindaji wenyewe, watu wanaotembea msituni na wasimamizi wa misitu.

Sisi hapa Kenya hatuwindi, maana uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Lakini tabia ya kuweka kitu kwenye mali ya wote kisha kukisahau, hiyo tunayo, tena tunayo sana.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa mkutano kila mwanakikundi aweze:
- kueleza jinsi alama nzuri inavyogeuka kuwa hatari mwenyewe akishaondoka;
- kutaja alama na masalio ambayo kikundi chenu kimeacha msituni, njiani au kwenye mradi;
- kusaidia kikundi kuweka utaratibu wa kuziondoa.

Muda: saa moja na nusu. Mkiona ni ndefu, ligaweni mara mbili.

Vifaa: vipande 20 vya kitambaa (kanga kuukuu inatosha), daftari na kalamu.

Kwa kiongozi wa somo: Soma sehemu moja kwa sauti, kisha uliza swali lililo mwisho wake. Usiharakishe kutoa jibu. Wape nafasi wale wasiozoea kusema mbele ya watu, hasa kina mama walioketi nyuma na vijana.

1. TUANZE NA JAMBO TUNALOLIJUA

Lori limeharibika usiku kwenye mteremko. Utingo anaruka chini, anakata matawi na kuyapanga barabarani nyuma ya gari, hatua chache chache. Anatafuta mawe makubwa ya kuzuia magurudumu. Yale matawi ni lugha ambayo kila dereva wa Kenya anaielewa: punguza mwendo, mbele kuna shida. Lugha hiyo imeokoa watu wengi.

Saa kumi alfajiri fundi anamaliza. Dereva anawasha gari, utingo anadandia, wanaondoka. Matawi yamebaki. Mawe nayo yamebaki. Saa kumi na moja anakuja kijana wa bodaboda, taa yake hafifu, amembeba mama anayewahi soko. Jiwe lililozuia ajali usiku ndilo linaloleta ajali asubuhi.

Tuelewane vizuri. Utingo alifanya vema kuweka matawi na mawe. Asingeyaweka, huenda gari lingine lingegonga lori kwa nyuma. Shida ni kwamba kichwani mwake kazi iliisha injini ilipowaka, wakati barabarani kazi ilikuwa bado.

Swali: Je, utingo huyu ni mtu mbaya? Ni nini kilimfanya asahau?

2. WAWINDAJI WA MAREKANI NA UTEPE WAO

Sasa twende Marekani. Serikali kuu ya nchi hiyo ina ardhi ya umma kubwa ajabu, karibu ekari milioni 640, zaidi ya robo ya nchi nzima. Sehemu ya ardhi hiyo ni misitu ya taifa, yapata ekari milioni 193, inayosimamiwa na Idara ya Misitu iliyoanzishwa mwaka 1905. Misitu hiyo ni ya raia wote, tajiri na maskini. Mtu anaweza kuingia kutembea, kuvua samaki au kupiga hema. Sehemu nyingi anaweza pia kuwinda, mradi awe na leseni ya jimbo analowinda na awe ndani ya msimu uliotangazwa.

Wawindaji hawa msiwafananishe na majangili. Wanalipia leseni. Tena, tangu sheria ya mwaka 1937, bunduki na risasi zinazouzwa huko hutozwa ushuru, na fedha hizo hupelekwa majimboni kuhifadhi wanyama pori na makao yao. Wengi wao wanaupenda msitu kama mfugaji anavyopenda malisho yake. Hili tulikumbuke, kwa sababu somo letu halikusudii kumsema mtu vibaya.

Mnyama anayewindwa sana ni kulungu wa huko mwenye mkia mweupe. Mwindaji hupanda mtini akaketi kwenye ulingo, kama ule wa kwetu wa kuwinga ndege wasile mtama. Inafaa afike ulingoni kabla ya mapambazuko, gizani, bila kelele, katika msitu ambao pengine haujui vizuri. Basi siku ya kwanza, mchana, anapita akifunga tepe kwenye matawi: hapa nakata kushoto, hapa navuka kijito, mti wangu ni ule pale. Utepe wenyewe ni mwembamba, upana wake kama vidole viwili, rangi kali ya waridi au ya machungwa ili uonekane mbali. Ni wa bei ndogo, na bunda moja huwa na mita 45 au hata 90.

Matumizi ya pili ni kumfuata mnyama aliyejeruhiwa. Kulungu aliyepigwa mshale, hata ukimpata barabara, anaweza kukimbia mita mia moja au zaidi kabla ya kuanguka. Mwindaji mwenye adabu hamwachi mnyama ateseke na nyama ioze bure. Anasubiri kidogo, kisha anafuata matone ya damu. Kila anapoona tone anafunga utepe. Akipoteza dalili anageuka, anatazama mstari wa tepe zake, na hapo anatambua mnyama alikuwa anaelekea upande gani. Mara nyingi kazi hii hufanyika usiku kwa mwanga wa tochi.

Haya, amempata mnyama wake. Amefurahi na amechoka. Ana kazi ya kumpasua na kumburuta hadi garini, na njia fupi ya kwenda garini si ile aliyojia. Nani atarudi nyuma usiku huo kufungua tepe kumi na tano? Anajiambia, nitarudi kesho. Kesho ni Jumatatu, kuna kazi. Wiki inayofuata theluji inaanguka. Msimu unafungwa na tepe ziko mtini.

Swali: Kazi ya mwindaji iliisha lini: alipompata mnyama, au ingeisha alipofungua utepe wa mwisho?

3. UTEPE ULIOACHWA UNALETA MADHARA GANI?

Mtu atauliza, kwani kautepe kamoja kana shida gani? Tuhesabu.

Kwanza, ni takataka. Utepe wa kawaida ni plastiki, jamii moja na ile ya mabomba ya maji, ila imelainishwa. Hauozi kama jani. Jua linaufifisha, unakauka, unakatika vipande vidogo vinavyoanguka udongoni na kusombwa na maji. Ukikazwa kwenye mche unaokua unaweza kuukaba. Kanuni za misitu ya taifa ya huko zinakataza kuacha takataka, na utepe uliotelekezwa ni takataka kama chupa au mkebe.

Pili, unadanganya. Mgeni anayetembea anauona, anafikiri ni alama ya njia rasmi. Anafuata wa kwanza, wa pili, wa tano. Mwishowe anafika mahali ambapo kulungu alianguka miaka miwili iliyopita, na hapo njia imekatika. Jua linatua na hajui alikotoka. Utepe bado unasema "njoo huku", lakini aliyesema hayo alikwenda kwake zamani.

Tatu, unavuruga kazi za wengine. Watu wa misitu hutumia tepe za namna hiyo hiyo kuonyesha mpaka wa miti itakayouzwa. Wapimaji wa ardhi huzitumia kwenye mistari yao. Watafiti huonyesha miti wanayoichunguza. Watu wanaomtafuta aliyepotea huonyesha sehemu waliyokwisha kuipitia. Tepe za kila mtu zikijaa mahali pamoja, hakuna anayejua ipi inasema nini.

Nne, unaleta ugomvi. Wako wanaochukulia utepe kama hati ya shamba: nimefunga hapa, kwa hiyo hapa ni pangu. Mwingine akija kuketi karibu wanatoleana maneno. Lakini kwenye ardhi ya umma utepe haumpi mtu umiliki hata wa mti mmoja.

Tano, unamwumiza aliyeufunga. Mtu amehangaika kutafuta mahali pazuri pa siri, kisha amewatengenezea wote njia ya kufika pale. Mwaka unaofuata anakuta mwenzake ameketi juu ya mti ule ule.

Swali: Kati ya madhara haya matano, ni lipi mmewahi kuliona hapa kwetu kwa namna nyingine?

4. JE, KILA ANAYEPITA AUNG'OE?

Hapa watu hugawanyika. Wengine husema: takataka ni takataka, ukiuona ung'oe, tia mfukoni. Wengine husema: usiguse kitu usichokijua.

Tufikiri pande zote. Ukiung'oa utepe wa mwindaji wa mwaka juzi umefanya jambo jema. Lakini je, ikiwa ni wa jana usiku, na mwenyewe anarudi asubuhi kuendelea kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa? Umeipoteza kazi yake, na mnyama amekufa bure. Na ikiwa ni wa mpimaji, umewatupia watu gharama ya kupima upya. Sheria ya Marekani inamwadhibu anayeharibu kwa makusudi alama za upimaji wa serikali. Hata hapa Kenya kung'oa bikoni ya mpimaji ni kosa, na tunajua kesi za mipaka zilivyofarakanisha ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo mwenye nia njema amekwama. Akiuacha, takataka inabaki. Akiung'oa, huenda anaharibu. Kwa nini amekwama? Kwa sababu utepe haumwambii ni wa nani, ni wa lini, na unaisha lini. Aliyeufunga angeandika kwa kalamu jina lake na tarehe, kama wafanyavyo watafiti na wapimaji wengi, mpita njia angejua la kufanya. Angeona tarehe imepita miezi sita, angeutoa bila wasiwasi.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Alama kwenye mali ya wote ni kama deni. Ukikopa kwa mweka hazina bila kuandikwa, haitachukua muda mtabishana nani alikopa, lini, na kiasi gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na alama bila jina na tarehe hubakia bila mwenyewe.

Swali: Mtu akikuta kitu chetu msituni au njiani leo, atajuaje ni cha kikundi chetu? Atajuaje kama bado tunakihitaji?

5. MAMBO MAZURI AMBAYO WAWINDAJI WENYEWE WAMEBUNI

Tusiwalaumu tu bila kutaja mema yao. Wawindaji wengi wa huko wameona shida hii na wametafuta njia nafuu. Tazameni:

a) Vibanio vya nguo. Mwindaji anachukua vibanio vya kuanikia nguo, anabandika kila kimoja kipande kidogo kinachong'aa kikimulikwa na tochi. Anapokwenda anavibana kwenye matawi, anaporudi anavibandua. Akitoka nyumbani na vibanio 20, sharti arudi na 20. Vikiwa 18 anajua viwili viko nyuma. Hesabu ndiyo inayomkumbusha, hata akiwa amechoka.

b) Karatasi laini ya chooni. Wanaofuata damu ya mnyama huitumia badala ya plastiki, wakiweka kipande kidogo kila wanapoona tone. Mvua ikinyesha inalowa na kumomonyoka.

c) Utepe unaooza. Siku hizi viko vya namna hiyo, vimetengenezwa kwa nyuzi za miti. Lakini tahadhari: huchukua miezi mingi, pengine hata mwaka au zaidi, kabla ya kuisha. Muda wote huo bado unadanganya wapita njia. Kuoza hakumwondolei mtu wajibu wa kuutoa.

d) Kutokuweka alama kabisa. Kituo cha huko kiitwacho Leave No Trace, kinachofundisha watu kutembea porini bila kuacha masalio, kina kanuni saba. Katika ile ya kujiandaa mapema, kinashauri watu watumie ramani na dira ili wasihitaji kupaka rangi, kupanga mawe wala kufunga tepe. Leo wengi huhifadhi njia kwenye simu.

Mkitazama vizuri, katika njia zote nne mtu ameamua habari ya kuondoa kabla ya kuweka. Hakungoja mpaka achoke ndipo afikiri.

6. MALI YA WOTE INA WENYEWE

Mara nyingi tunasema "hiyo ni mali ya serikali" tukimaanisha haina mwenyewe. Mwaka 1968 msomi mmoja wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala iliyojulikana sana. Alitoa mfano wa malisho yaliyo wazi kwa wote. Kila mfugaji anaona faida ya kuongeza ng'ombe mmoja, kwa kuwa faida ni yake peke yake, na hasara ya nyasi kuisha wanagawana wote. Kila mmoja akifanya hivyo, malisho yanakwisha. Utepe ni vivyo hivyo. Faida ya kutopotea ni ya mwindaji mmoja, uchafu ni wa wote.

Lakini mwingine, mama Elinor Ostrom, hakuridhika na jibu kwamba mali ya wote lazima iharibike. Alichunguza vijiji na vyama vya maji katika nchi mbalimbali, akaandika kitabu chake mwaka 1990. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza mali yao ya pamoja kwa miaka mamia. Mfano mmoja ni kijiji cha Törbel, milimani huko Uswisi. Tangu mwaka 1517 walikuwa na sheria kwamba hakuna mtu kupeleka malishoni mlimani ng'ombe wengi kuliko wale anaoweza kuwalisha nyumbani wakati wa baridi. Ni sheria rahisi, kila mtu anaielewa, na jirani anaweza kuhesabu.

Katika mambo aliyoyaona Ostrom mahali ambapo mali ya wote imedumu, tuchukue haya manne:
- inajulikana wazi nani wana haki ya kutumia na mpaka ni wapi;
- wanaotumia wana sauti katika kutunga sheria;
- wanaangaliana wenyewe, au mwangalizi anawajibika kwao;
- adhabu huanza ndogo, kisha huongezeka kwa anayerudia.

Vikundi vyetu tayari vinafanya hivyo kwenye fedha. Mna katiba, mna faini ya kuchelewa, mna daftari. Yale yale mnayofanya kwa shilingi, yafanyeni kwa msitu.

Swali: Ni sheria gani ya kikundi chetu inayofuatwa vizuri kabisa? Kwa nini hiyo inafuatwa na nyingine hazifuatwi?

7. TUKIRUDI KWETU

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 69, inasema kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na vyombo vya serikali na watu wengine kulinda mazingira. Sheria ya Misitu ya 2005, na baadaye ile ya 2016, zimewapa wenyeji nafasi ya kuunda vyama vya misitu vya jamii na kushirikiana na KFS kusimamia msitu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa.

Sheria zipo. Sasa tujiangalie sisi wenyewe.

Siku ya kupanda miti. Kikundi kinabeba miche mia tatu hadi msituni, nyimbo na vigelegele. Kila mche uko kwenye tyubu yake nyeusi ya plastiki. Tunachana, tunapanda, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Tyubu mia tatu zimebaki chini. Tumekwenda kuponya msitu na tumeuachia plastiki.

Mtaro wa bomba la maji. Tumeuchimba ukakata njia ya watoto wa shule, tukasimamisha fimbo yenye kitambaa chekundu. Hapa hatari ina pande mbili. Kitambaa kikichukuliwa na watoto kabla ya mtaro kufukiwa, mtu ataanguka usiku. Kikibaki mwaka mzima baada ya kufukia, watu watazoea kukipuuza, na siku kukiwa na hatari ya kweli hawatajali kitambaa chekundu. Alama ikae kwa muda wa hatari, isipungue wala isizidi.

Mabango kwenye miti. Harambee imepita, uchaguzi umepita, karatasi imechanika, lakini misumari imo ndani ya mti. Siku mti ukipasuliwa mbao, meno ya msumeno yanavunjika, na anayeshika msumeno anaweza kuumia.

Mawe barabarani. Hili tumelizungumza. Wenye mikokoteni na wenye malori wamo pia katika vikundi vyetu.

8. ZOEZI LA UWANJANI

Gaweni kikundi mara mbili. Nusu ya kwanza wachukue vipande 20 vya kitambaa, wafunge njia kutoka uwanja wa kanisa au shule hadi mtoni au kwenye mti mkubwa, kwa kona angalau tatu. Nusu ya pili wabaki, wasiangalie.

Kisha wale wa pili wafuate alama bila kuambiwa neno. Wakifika, wale wa kwanza wageuze alama tano tu zielekee upande mwingine, na mtu mmoja ambaye hakuwepo aitwe kuzifuata. Tazameni anavyotangatanga. Msimcheke; mwulizeni alijisikiaje.

Mwisho, nusu ya kwanza wakusanye vipande vyote. Mweka hazina ahesabu mbele ya wote. Vikipungua 20, mkutano usiendelee mpaka vipatikane. Mtashangaa jinsi kimoja au viwili vinavyojificha, ingawa mmevifunga wenyewe saa moja tu iliyopita. Fikirini sasa habari ya vilivyofungwa miaka miwili iliyopita.

9. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja vitu vitatu ambavyo kikundi chetu kimeviacha kwenye mali ya wote mwaka huu. Nani alipaswa kuviondoa? Je, alijua kwamba ni yeye?
2. Tunapopanga siku ya kazi, je, tunapanga pia saa ya kukusanya, au tunaihesabu kazi imekwisha chakula kikiiva?
3. Tukikuta alama msituni tusiyoijua, tumwulize nani kabla ya kuigusa: mlinzi wa msitu, mzee wa kijiji, au ofisi ya chifu?
4. Je, faini inafaa kwa anayeacha masalio? Ianze kiasi gani, ili mtu ajifunze bila kukimbia kikundi?

10. MAAZIMIO

Msifunge mkutano kwa maneno matupu. Mwandishi afungue ukurasa mpya katika daftari la kikundi, achore nguzo tano:
- kitu kilichowekwa na mahali kilipo;
- idadi yake;
- jina la mtu mmoja anayehusika (jina la mtu, si "kamati");
- tarehe ya kukiondoa;
- idadi iliyorudi na sahihi yake.

Kila mkutano, baada ya kusoma habari za fedha, ukurasa huu usomwe pia. Inachukua dakika tatu. Idadi iliyotoka na iliyorudi zikilingana, pigeni mstari. Zikitofautiana, mwenye jina aeleze kwa heshima, na apewe tarehe nyingine.

Na jambo la kwanza la kuandikwa lisiwe la kesho. Chagueni siku moja ndani ya wiki mbili zijazo, mrudi pale mlipopanda miti mara ya mwisho, mkiwa na magunia. Okoteni tyubu, kamba na vigingi vyenu. Mkikuta vya wengine ambavyo hamna hakika navyo, viandikeni na mumweleze mlinzi wa msitu. Hesabuni magunia, mwandike kwenye daftari, na mkiweza mtuandikie mtueleze mlipata nini, ili vikundi vingine navyo vijifunze.